Fundi Rangi Asiyejua Kukataa

Wiki iliyopita mjukuu wangu Salma alinipigia simu. Kahamia nyumba mpya huko Stratford, ghorofa ya saba, na anasema kuta zake zinamtia huzuni. "Babu, nataka fundi rangi weekend hii. Nani mzuri na si ghali?" Nikamuuliza kama amezigusa hizo kuta kwa kiganja. Nikamuuliza kama dirisha la chumba cha kulala linafunguka. "Babu, please, nipe namba tu." Nikamwambia namba ninazo, lakini simpi mpaka anisikilize nusu saa. Akasema yuko kwenye basi, atanipigia. Mpaka leo basi halijafika.

Basi nimeona niandike, asome yeye na nyinyi wenzake mnaoanza kupanga na kununua nyumba katika mji huu. Nimepaka rangi majumba ya London zaidi ya miaka thalathini, nilianza nikiwa na nywele nimemaliza sina. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Msidhani naandika kwa kuwa nilikuwa fundi bora kuliko wengine. Nilikuwa wa kawaida, mwenye mkono mzuri na mdomo mzito, na huo mdomo mzito ndio ulioniponza. Ukijua fundi anavyoharibu kazi, utajua namna ya kumchagua asikuharibie.

Kwanza, bei iulize mwisho. Najua hamtaki kusikia hilo. Lakini fundi anayekutajia bei kwenye simu hajaona ukuta wako, sasa anakuuzia nini? Mwite aje. Akiingia, mwache, mtazame anavyotazama. Aliyefundishwa vizuri haangalii televisheni yako wala hakusifii mapazia. Anainua kichwa juu kwenye dari, kisha anashuka na ukuta mpaka chini kwenye mbao, halafu anaugusa. Anagonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoshika hutoa sauti nene, iliyoachana na matofali hulia kama sanduku tupu. Mtu akiingia chumbani, akasimama katikati, akazunguka mara moja na kusema "siku moja tu, mama", mpe chai na umsindikize mlangoni.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja wa Kijamaika, Desmond, aliyenichukua wakati sijui hata kushika brashi. Desmond alikuwa mkali kama pilipili mbuzi. Kazi yetu ya mwanzo pamoja ilikuwa nyumba ya bibi mmoja wa Kiingereza, yale majumba ya zamani yenye madirisha ya kupandisha na kushusha. Desmond akanipa madirisha manane, yeye akapanda juu. Nikayapaka vizuri mno, rangi nene, inang'aa, sikuacha ufa. Kesho yake joto likaja, bibi wa watu akataka hewa, na hakuna dirisha hata moja lililofunguka. Nilikuwa nimeyagandisha yote. Desmond hakunifokea. Alinipa kisu chembamba, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa juu chini, akafungua mkate wake, akanitazama nikikata rangi ukingo kwa ukingo kutwa nzima. Kila saa bibi ananiletea chai na kuniuliza, kwa upole ule wao unaochoma, kama naendelea vizuri.

Kwa hivyo, fundi akija kwako muulize: madirisha utayafanyaje? Akikueleza kwamba atayalegeza, atayapaka kwa tabaka nyembamba na kuyachezesha kila baada ya muda mpaka yakauke, huyo kafunzwa. Akisema "nitayapaka tu", huyo ni mimi wa zamani.

Na mkae mkijua kwamba nyumba nyingi za hapa ni kongwe, na rangi zake za chini huko zilitiwa madini ya risasi, sumu hasa kwa watoto. Mtu akija na mashine ya msasa akaanza kusaga mbao kavukavu, vumbi linaruka, nyinyi na watoto wenu mnalivuta. Fundi anayejijua hupima kwanza, huvaa barakoa, hulowesha anaposugua. Sisi zamani hatukuvaa chochote. Tulikuwa tunakohoa na kuita mafua.

Mengine yamebadilika kwa kheri. Rangi ya mafuta ilikuwa inanuka siku tatu, na mbao nyeupe zinageuka njano kabla mtoto hajaingia darasa la pili. Siku hizi rangi za maji zinapakwa hata kwenye milango, na nilizipinga miaka mingi kwa ubishi mtupu. Lakini hakuna rangi, ya zamani wala ya sasa, inayojua unavyoishi ndani ya nyumba yako. Hilo fundi lazima aulize. Kuna familia moja ya Kiomani huja kila kiangazi kukaa karibu na Edgware Road. Niliwapakia dari nyeupe, safi. Mwezi haujaisha naitwa: dari ina duara la rangi ya kahawa, rangi yako mbovu. Nikatazama juu, nikatazama chini. Chini ya duara kuna chetezo, na udi unafuka palepale asubuhi na jioni. Sisi watu wa pwani tunafukiza, tunakaanga, tunaanika nguo juu ya vipasha joto na madirisha tumeyafunga kwa kuogopa baridi, halafu tunamlaumu aliyepaka. Siku ile nilikosa mimi, sikuuliza. Mimi mtu wa Unguja, na udi niliuona kwenye kabati siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, lile ambalo Salma hakunipa nafasi ya kumsimulia. Ni kazi yangu ya mwisho.

Bi Ruqayya na mumewe, Mzee Salim, wanakaa Neasden, kwenye kijumba cha matofali chenye ua mdogo nyuma. Wote watu wa Wete, Pemba. Mzee Salim alifanya kazi ya kusukuma vitanda hospitali mpaka alipostaafu, akaja kuugua kifua, akawa yeye ndiye anayesukumwa. Baada ya wiki nyingi wodini madaktari wakasema anaweza kurudi nyumbani, ila ngazi hawezi tena kupanda, atandikiwe kitanda chumba cha chini. Wakamtuma mama mmoja aje kukagua. Bi Ruqayya akamwonyesha chumba cha nyuma, karibu na jiko. Yule mama akaona koga jeusi limepanda ukutani, akatikisa kichwa. Akasema kifua kile hakilali hapa. Kama chumba hakitengenezeki, watamtafutia nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa muda.

Mzee Salim alisukuma wagonjwa wengi maishani mwake na alijua hiyo "kwa muda" ina urefu gani. Alimwambia mkewe, "Huko wakinipeleka, Ruqayya, sirudi."

Bi Ruqayya akaandika kwenye kundi la simu la akina mama wetu kwamba anataka fundi rangi. Mnalijua kundi hilo. Kabla hajaweka simu chini, majina kumi na tano: kijana wa fulani, shemeji wa fulani, huyu wetu, huyu mcha Mungu. Hakuna aliyesema huyu anajua kupaka. Akanichagua mimi kwa sababu marehemu mke wangu alikuwa wa Wete vilevile. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Hakuniuliza nyumba gani nimepaka, wala nitakuja na nani, wala nitafanya nini hasa kwenye ukuta ule. Kuniuliza ingekuwa kunitilia shaka, na mtu wako humtilii shaka.

Nilikwenda Jumatatu asubuhi. Chai ya maziwa, mandazi ya iliki, nikala kabla sijashika kitu. Kisha nikaweka kiganja ukutani. Baridi, na kiganja kikarudi na maji. Nikagonga: plasta ya chini yote imeachana. Nikafungua mlango wa nyuma nikatoka uani, na papo hapo nikauona ugonjwa wa nyumba ile kama daktari anavyoona picha.

Kando ya ukuta, urefu wake wote, kulikuwa na tuta la udongo limejazwa mpaka karibu na goti langu. Juu yake mchicha, mwekundu na wa kijani, na kotimiri, na miche miwili ya pilipili. Nyumba hizi, wanangu, zina tundu za hewa chini ukutani, na juu kidogo ya ardhi kuna tabaka jembamba linalozuia maji yasipande kwenye matofali. Ukijaza udongo ukapita tabaka lile, umeyajengea maji ngazi. Tundu zote zilikuwa zimefukiwa.

"Salim kalijaza mwenyewe tuta hili, ndoo kwa ndoo, kabla hajazidiwa," Bi Ruqayya aliniambia. "Kila nikienda kumwona huniuliza mwanzo, mchicha wangu umeumwagia maji? Namwambia nnaumwagia, kila asubuhi."

Kila asubuhi. Mimi nikasema, "Mashaallah, umenawiri."

Akaingia ndani akatoka na kisu, akanikatia fungu zima. Nikalipokea. Jioni nikaupika kwa nazi, na ulikuwa mtamu, sikatai.

"Ijumaa yule mama anarudi kukagua," akaniambia mlangoni. "Utakuwa umemaliza, Bwana Haji?"

Jibu lilikuwa hapana. Jibu lilikuwa: Bibi, ukuta huu haupakiki, kwanza tuondoe tuta, tubomoe plasta, tungoje ukauke, na hilo ni jambo la miezi. Nilikuwa nalo kinywani. Lakini nitamwambiaje mwanamke ambaye mumewe yuko kitandani kwamba bustani ya mume ndiyo inayomnyima nyumba? Nimekula mandazi yake, nimeshika mchicha wake mkononi. Muhali, wanangu. Nyinyi mliozaliwa hapa mnalisikia neno hili mkadhani ni adabu. Muhali ni ule uzito wa kumwambia mtu wako neno litakalomkwaza, mpaka unamwacha akaumia ili tu asikwazike.

Nikasema, "Inshaallah." Na ile haikuwa inshaallah ya kumtegemea Mungu, ilikuwa ya kujificha nyuma Yake.

Nilifanya kazi kwa bidii, hilo nijitetee. Nilisugua koga, nikatia dawa, nikakwangua, nikajaza puti, nikapaka rangi ya kuzibia madoa mara mbili, kisha nyeupe ya maziwa mara mbili. Ijumaa yule mama alikuja, akatabasamu, akaandika kwenye karatasi zake. Hakuniuliza chochote na mimi nilikuwa nakunja mashuka yangu ya kufunikia, nayakunja polepole, hayaishi. Jumamosi gari la wagonjwa likamleta Mzee Salim. Walipomweka kitandani alinyoosha mkono akapapasa ukuta.

"Haji," akasema, "umenirudisha nyumbani."

Nimesifiwa kazi nyingi. Sifa ile mpaka leo nikiikumbuka nataka kutafuta pa kuiweka.

Wiki ya tatu nikaenda kumjulia hali. Alikuwa mwembamba lakini mchangamfu, ananiuliza habari za watu wa zamani, anakohoa kidogo, anaendelea. Nikaona ukutani, pembeni mwa kichwa chake, pametundikwa kitambaa kikubwa cha kutandikia kitanda, kimetariziwa maua, kimebanwa kwa pini kutoka kona hadi kona. Nikakisifu. Nikasema kimekipendezesha chumba. Bi Ruqayya akasema, "Cha marehemu mama." Mzee Salim akatazama dirishani.

Baada ya wiki mbili nikasikia amerudishwa hospitali. Nikaenda Neasden kumpa Bi Ruqayya pole. Ukumbini tu, kabla sijavua viatu, harufu ikanipokea. Mtu wa kazi yangu haipotezi harufu ile. Nikamwambia nataka kuona chumba.

"Kimevurugika, Bwana Haji. Kaa hapa, nnakuletea chai."

"Bibi, naomba."

Hakunizuia. Nikaenda, nikachomoa pini za kitambaa moja moja. Ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka kiunoni kwangu, na rangi yangu ya maziwa imevimba, inaning'inia kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

"Lini ilianza?"

"Wiki ya pili."

"Kwa hivyo siku ile nilipokuja…"

"Nilikitundika asubuhi yake," akasema. "Salim ndiye aliyesema. Haji anakuja, asione, atafedheheka."

Wote wawili walijua. Mgonjwa wa kifua alilala na kichwa chake kando ya koga lile, akavumilia, ili aliyelipaka koga hilo rangi asione haya. Na mimi siku niliyokuja nilikaa kwenye kiti nikasifu maua. Sasa nikakaa kwenye kitanda kitupu nikalia, na sioni aibu kuwaambia, kwani aibu yote niliyokuwa nayo niliitumia siku ile.

"Kwa nini hukuniambia, Bi Ruqayya?"

"Ningekwambiaje? Umeitika siku ileile, hukukataa, umekula nyumbani kwangu."

Kisha akaniambia mambo yalipofika. Hospitali safari hii wamesema wazi. Nyumba ile hapana. Wanamtafutia nafasi, na ikipatikana wanampeleka. Mzee Salim tangu ameambiwa hasemi, anageukia ukuta.

Hapo nikajua kwamba nikinyamaza tena sitakuwa mtu wa kusalimiwa. Nikampeleka uani nikamwonyesha tuta, nikamweleza tabaka na tundu na maji yanavyopanda. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Uliyaona haya lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na mchicha ukachukua."

"Nikachukua."

Bi Ruqayya ni mwanamke mpole. Sijapata kumsikia akipaza sauti, na siku ile pia hakupaza. Alisema, "Mimi nilinyamaza kwa kukuhurumia wewe. Wewe ulinyamaza kwa kumhurumia nani?"

Jibu lilikuwa ni mimi mwenyewe.

Kesho yake nikaenda hospitali. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia Mzee Salim yote, bila kuzunguka: tuta lake, udongo wake, maji ya kila asubuhi, na mimi niliyeona nikafunika. Macho yake akayapeleka kwenye dari. Nikadhani ameghadhibika, na alikuwa na haki.

"Kwa hivyo nimejitilia maji kifuani kwa mikono yangu," akasema.

"Na mimi nikakufunikia."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nesi akaja mbio, akamnyanyua, kikatulia. Akanishika mkono. "Haji, ungeniambia siku ile ningekwambia ung'oe. Mchicha ni mboga, ndugu yangu. Unadhani mimi ni mtu wa kufa kwa ajili ya mboga?"

Nikang'oa. Magoti yangu yalilia lakini nililichimba tuta lote kwa siku mbili, mchicha tukauhamishia kwenye ndoo, tukaziweka upande wa pili wa ua. Tundu za hewa nilipozifungua zilitoa pumzi ya miaka. Nikamleta mtu wa plasta akabomoa ya ndani mpaka matofali. Lakini sikusema tena inshaallah. Nilimwambia Bi Ruqayya kwamba ukuta huu utakauka kwa miezi, na asimruhusu mtu yeyote kuupaka kabla, hata mimi, hasa mimi.

"Miezi hatuna," akasema. "Wakipata nafasi wiki ijayo watampeleka."

Tulikuwa tumekaa chumba cha mbele, kile cha wageni. Mnakijua chumba hicho, kila nyumba yetu inacho: makochi makubwa ya mapambo, kabati la vioo na vikombe vya kahawa visivyonywewa, zulia ambalo watoto hawakanyagi. Kwa mazoea ya kazi tu nikapeleka kiganja ukutani. Kikavu. Nikagonga. Sauti nene, nzuri. Nikainuka nikagusa ukuta wa dirishani, nikainama nikagusa kona. Chumba kizima kikavu, kina jua la mchana, na mlango wa choo uko hatua tatu.

"Bi Ruqayya, na hiki?"

Akanitazama kama niliyemwomba atandike kitanda barabarani. "Hiki cha wageni."

"Najua."

"Wageni wakija watakaa wapi?"

"Wageni gani, Bibi? Kila anayekuja nyumba hii anakuja kumwona Salim."

Alikaa akavitazama vikombe vyake. Nilijua anachopigia hesabu: watu watasema nini, wataingia mlangoni tu na kumkuta mgonjwa na dawa zake na chombo chake chini ya kitanda. Mimi nami nilikuwa nimepita chumba kile mara ngapi, nikanywa chai ndani yake, na haikunijia, kwa sababu hata kwetu Harlesden chumba cha mbele hakilaliwi. Akasimama, akaenda kwenye kochi kubwa, akalishika upande mmoja.

"Shika huko," akasema.

Yule mama wa hospitali alirudi, na safari hii hakutosheka na macho, alipapasa kuta zote nne. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama kuna jambo anapaswa kulijua kuhusu nyumba hii. Nikamwambia yote, na la chumba cha nyuma, na langu mimi. Akaandika karatasi mbili nzima. Siku sita baadaye Mzee Salim aliletwa nyumbani, akaingizwa kwa mlango wa mbele, na hakwenda mbali zaidi ya hapo. Yuko hapo mpaka leo. Wageni wanakaa kwenye viti vya jikoni wamemzunguka, wanaivunja miiko yote ya Bi Ruqayya, na yeye anaamrisha kama liwali, kahawa huku, tende kule. Kikohozi kipo lakini kimepungua. Ukipita barabarani unamsikia anacheka.

Kiangazi kilipofika Bi Ruqayya aliniita. Nilidhani ananiita kula. Alinikalisha, hakuleta chai, akafungua daftari. Kumbe kajiandikia maswali. Chumba cha nyuma kinataka kupakwa, na anataka kujua: Utaanza na nini? Utatumia rangi gani, na kwa nini hiyo? Atakuja nani, wewe au mwengine kwa niaba yako? Nionyeshe ukuta uliopaka ukapitiwa na majira ya baridi mawili, wa jana siutaki. Ikiharibika nitakupata wapi, na utafanya nini? Niandikie. Mzee Salim yuko kitandani anasikiliza, meno nje. Nilijibu yote, natokwa jasho kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Hayo maswali, wanangu, yanakilini, maana mimi na ufundi wangu wote sijayasikia bora.

La mwisho akaniuliza, "Ile kona ya karibu na jiko, imekauka?"

Tukaenda, nikaitazama. Nikamwambia imekauka.

Akanishukuru, akasema atafikiri. Baada ya siku mbili akanipigia simu, na hakuzunguka. "Bwana Haji, kazi nimempa mwengine. Mwanamke wa Kipolandi, Danuta. Usikasirike."

Nikamwambia sikasiriki, na nikamuuliza kilichompendeza ni nini kwa huyo Danuta.

"Alikuja na kijimashine chake, akapima unyevu wa kuta zote, akakataa," Bi Ruqayya akasema. "Kasema haanzi, ile kona ya karibu na jiko bado, ningoje wiki tatu. Nikampa kazi palepale."

Alasiri ile nilipanda basi nikaenda Neasden. Nilimsalimu Mzee Salim, nikapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, nikaiwekea kona ile kiganja, jambo ambalo siku ya maswali sikulifanya. Ilikuwa mbichi.